Tepu ya terabaiti 15 inajaa kwenye 5.4: je, ni mbovu?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Natunza bekapu za ofisi yetu kwa tepu za LTO-7, yaani kizazi cha saba cha tepu za sumaku za LTO za kuhifadhia data. Kwenye kasha imeandikwa terabaiti 15, lakini kila tepu ikifika karibu 5.4 programu inasema imejaa na kudai nyingine. Nimeshaondoa tatu nikidhani ni mbovu. Programu nimeiwekea kubana data na kuisimba kwa nenosiri kabla haijatumwa kwenye draivu, na kubana kwa draivu nako kumewashwa. Ninunue draivu mpya?

Jibu: Njema, ndugu yangu. Usinunue kitu. Kwa maelezo yako, tepu ni nzima na draivu ni nzima.

Litazame tena kasha. Pamoja na hiyo 15, utakuta imeandikwa 6. Hiyo 6 ndiyo nafasi iliyomo kwenye tepu. Ile 15 imepatikana kwa kudhani kwamba data yako itabanika mara 2.5, na hilo mtengenezaji hawezi kulijua maana hajaiona data yako. Hadi LTO-5 walikuwa wakikisia mara 2. Kuanzia LTO-6 wakapandisha hadi 2.5. Kubanika ni tabia ya data, si ya tepu.

Na 5.4 je? Mtengenezaji anahesabu terabaiti kwa makumi: baiti trilioni 6. Programu nyingi zinahesabu kwa 1,024, na kwa hesabu hiyo baiti trilioni 6 ni kama 5.46. Kwa hiyo tepu zako zinajaa mpaka pomoni, hakuna kilichopotea.

Kinachobaki ni kwa nini draivu haibani chochote, na hapa ndipo penye kazi. Kubana ni kutafuta marudio: mfuatano wa baiti uliokwisha kupita unaandikwa kwa alama fupi. Programu yako ikishabana, marudio yamekwisha. Halafu unasimba, na data iliyosimbwa vizuri haina tofauti na baiti zilizotupwa ovyo. Inapofika kwenye draivu hakuna cha kubana tena. Ndiyo maana kanuni ni kubana kwanza, kusimba baadaye. Ukipindua mpangilio huo, kubana kumekufa.

Programu yako inafuata mpangilio huo, kwa hiyo huenda terabaiti 5.4 unazoziona ni data iliyokwisha kubanwa, na faili za asili zilizomo ni nyingi zaidi. Fungua ripoti ya kazi moja, chukua baiti zilizosomwa kutoka kwenye seva, ugawanye kwa baiti zilizoandikwa kwenye tepu. Jibu ndilo uwiano wako halisi, na ndilo la kupangia bajeti. Fanya hesabu hiyo kwa kila aina ya data, kwa sababu wastani wa jumla unadanganya: hifadhidata na kumbukumbu za seva hubanika sana, lakini video, picha za JPEG na faili za ZIP hazibaniki karibu kabisa kwani zimeshabanwa tangu zinatengenezwa. Tuseme una terabaiti 4 za video na 5 za hifadhidata inayobanika mara 2. Video inabaki 4, hifadhidata inakuwa 2.5, jumla 6.5. Tepu moja haitoshi, hata kasha liseme nini.

Ushauri wangu ni uzime kubana kwa programu uiachie draivu. Draivu inabana kwa maunzi yake bila kuichosha seva, na ikikutana na data isiyobanika, LTO inaiandika ilivyo, kwa hiyo hupati hasara kuiacha imewashwa. Kusimba nako kuhamishie kwenye draivu. Kuanzia LTO-4 zina uwezo huo, na zenyewe hubana kwanza ndipo zisimbe. Ila funguo za kufungulia data iliyosimbwa zihifadhi mahali pawili mbali na tepu, maana ufunguo ukipotea, tepu imepotea. Nenosiri la sasa pia lisifutwe. Tepu za zamani bado zinalihitaji.

Kuna sharti moja: kasi. LTO-7 inaandika megabaiti 300 kwa sekunde, yaani tepu nzima kwa saa 5 na nusu hivi. Data ikibanika mara 2, draivu itataka 600 kutoka kwenye seva. Inaweza kupunguza mwendo kwa kiasi, lakini seva ikizidiwa kabisa, tepu inasimama, inarudi nyuma kidogo na kuanza tena, mara kwa mara, na hilo linachosha tepu na vichwa vya draivu vinavyoisoma na kuiandika. Kama mtandao wako ni mwembamba, kusanya bekapu kwenye diski za kasi kwanza, kisha uimwagie tepu kwa mkupuo.

Usiiambie programu kwamba ukubwa wa tepu ni 15. Acha draivu yenyewe itangaze mwisho. Na kumbuka kwamba kufuta bekapu moja iliyo katikati ya tepu hakurudishi nafasi. Nafasi inarudi pale tepu nzima inapoandikwa upya.

Dalili ya ubovu wa kweli ni tepu kujaa ikiwa bado chini sana ya 5.4. LTO husoma papo hapo ilichoandika, na palipoharibika huandika tena mbele, hivyo vichwa vichafu hula nafasi. Ukiona hivyo, pitisha tepu ya kusafishia kabla ya kulaumu kitu kingine.

Zile tatu ulizoziondoa usizitupe wala usizifute leo. Angalia kwenye katalogi, ile orodha ya programu ya vilivyomo kwenye kila tepu, kama zina bekapu ambazo muda wake wa kutunzwa haujaisha. Zikiwa nazo, zirudishe kabatini kwa namba zake, na zisizo nazo ziingize kwenye mzunguko.