Shimo la kuotea moto nyuma ya nyumba: majivu ndiyo ya kuogopa

Mkuu, umeuliza kama ukichimba shimo la kuotea moto nyuma ya nyumba, na uzio wako ni wa miti, utakuwa salama. Mimi nipo Mafinga, mkoani Iringa, baridi ya Juni na Julai huku si mchezo, na shimo langu lina mwaka wa saba sasa. Chimba tu. Ila nikwambie kilichonipata.

Mwaka wa pili, mwezi wa nane, wageni waliondoka saa tano usiku moto ukiwa umelala. Asubuhi nikapitisha mkono juu ya majivu, baridi kabisa. Nikayazoa kwa koleo nikayamwaga jalalani, karibu na uzio. Saa tisa alasiri upepo ukaanza, nikasikia jirani anaita, "Baba, uzio wako unaungua!" Tulipambana kwa matawi mabichi na ndoo za maji. Nguzo tatu ziliteketea, na nyuma yake kuna shamba la mipaini la mtu. Anayeishi karibu na msitu wa mipaini wa Sao Hill anajua moto ukiingia kwenye mipaini wakati wa kiangazi unafanya nini. Mpaka leo nikikumbuka mwili unasisimka.

Kumbe majivu ni blanketi. Kaa likifunikwa vizuri linaweza kukaa na moto siku nzima na zaidi, na juu usihisi chochote.

Kwa hiyo sasa natumia muda mwingi kuzima kuliko kuwasha. Namwagia maji kidogo kidogo kwa kopo, simwagi ndoo kwa mkupuo maana mvuke na majivu ya moto vitakurukia usoni. Nakoroga kwa koleo mpaka chini kabisa, nageuza kila kijinga cha kuni, maana upande wa chini ndio unaobaki mwekundu. Namwagia tena. Ule mlio wa "chwaaa" ukiisha, nasogeza nyuma ya kiganja karibu na tope lile. Bado pana joto? Naongeza maji. Majivu yanakaa kwenye debe la chuma lenye mfuniko, juu ya udongo mtupu, siku tatu ndipo yaende bustanini.

Ujenzi wenyewe ni rahisi: upana mita moja, kina kama sentimita thelathini, kokoto chini, matofali ya kuchoma pembeni. Usiokote mawe ya mtoni. Yamebeba maji ndani, yakipata moto maji yanageuka mvuke na jiwe linapasuka kama risasi. Kwangu lilipasuka moja, kipande kikapita karibu na goti la mtoto. Nyasi palilia mita mbili kuzunguka shimo, na uzio, kamba ya nguo na matawi yanayoning'inia viwe mbali zaidi ya hapo. Mvua zikianza funika kwa bati, la sivyo utakuwa na dimbwi na matofali yatakatika.

Petroli usiguse, hata kama kuni ni mbichi. Mvuke wake unatambaa chini na kuwaka kabla hujatupa kiberiti. Tumia vijiti vikavu na subira. Mbao zenye rangi au dawa, na vipande vya nguzo za umeme, usichome. Moshi wake ni sumu.

Na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu kila msimu wa baridi tunasikia misiba yake: usichukue makaa ya pale ukaingiza chumbani kupasha joto ulale. Hewa ya sumu inayotoka kwenye makaa haina harufu, inaua watu usingizini.

Mtu akiungua, maji safi ya kawaida yatiririke juu ya jeraha dakika ishirini, kisha hospitali. Dawa ya meno na unga wa ngano hapana.

Ukishachimba, weka picha na utaje uzio uko mita ngapi na upepo wa jioni unatokea upande gani, tuangalie pamoja kabla hujakoka moto wa kwanza.