Maziwa hayaoshi mapafu

SWALI: Shikamoo fundi. Nipo Bagamoyo, natengeneza sanamu za ndege kwa vyuma chakavu: minyororo ya pikipiki, spoku, mabati ya zamani. Nikishinda nachomelea, usiku napata homa, baridi na kiu, na mdomo unakuwa na ladha ya chuma. Malaria nimepima, hakuna. Wenzangu wananiambia ninywe maziwa kabla ya kazi. Ninywe kiasi gani?

JIBU: Marahaba. Hata ukinywa ndoo nzima hayatakusaidia. Maziwa yanakwenda tumboni, moshi umeingia kwenye mapafu. Ushauri huu nausikia kila karakana, na unanikera kwa sababu kijana anaingia kwenye moshi akijiona ana kinga.

Kinachokupa homa ni zinki iliyopakwa kwenye bati. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, na chuma hakiyeyuki mpaka karibu 1,500. Kabla kiungo hakijashika, zinki imeshakuwa mvuke: ule moshi mweupe unaoacha nyuzinyuzi kama pamba juu ya bati. Homa huja saa kadhaa baadaye, na mara nyingi huisha yenyewe ndani ya siku moja au mbili. Hapo ndipo maziwa yanapopata sifa ya bure. Tena mwili huuzoea moshi katikati ya wiki, ukipumzika Jumapili mazoea yanapotea, Jumatatu homa inarudi kali. Aliyekunywa maziwa Jumatatu akaona nafuu Jumatano anaapa kwamba ni dawa, na hakuna kilichomtibu.

Bati la ndege wako liunge kwa ribiti, waya au boliti. Kwa jicho langu, manyoya ya kukunja na kufunga yanapendeza kuliko ya kuchomelea. Ikibidi kuchomelea, ondoa zinki kwa grenda pande zote mbili za bati, angalau sentimita 5 kutoka kwenye kiungo, ukiwa na barakoa yenye kichujio. Kitambaa cha kufunga puani hakizuii moshi huu. Chomelea nje, upepo wa bahari ukupige ubavuni. Ukikupiga mgongoni, moshi unajikunja usoni.

Boliti za zamani zenye rangi ya dhahabu ziache kabisa. Baadhi zimepakwa kadimiamu, metali yenye sumu, na moshi wake unaua: mtu analala na kikohozi kidogo, kesho mapafu yamejaa maji. Ukibanwa pumzi, nenda hospitali usiku huohuo, umweleze daktari ulichokuwa unachomelea.

Na ninyi nyote mnaookota vyuma, msimwamini muuzaji anayesema "hicho kimeshakauka." Pipa lililokaa petroli au tina ya kuyeyushia rangi hubakiza mvuke kwenye mikunjo yake hata likioshwa kwa maji, na cheche moja inalilipua. Shokapu nayo imefungwa na mafuta ndani, nyingine na gesi ya shinikizo; ikipata moto hupasuka kama bomu. Ukiipenda kwa shingo ya korongo, ifunge nzima kwa boliti, usiikate.