Mwandike Jina Unayemchora

Kijana mmoja anayechora Kisumu ameniandikia: "Kaka, nifanyeje picha zangu za sura ziingie katika hazina ya sanaa ya taifa?" Tusidanganyane, sote tunaoshika brashi tunaota hilo. Nitamjibu kwa yaliyonikuta.

Picha yangu ya bibi anayeuza nazi soko la Kongowea, Mombasa, ilinunuliwa na taasisi ambayo siitaji. Bibi yule alikataa katakata nimpunguzie makunyanzi. Vidole vilinitesa kuliko uso: kucha ya dole gumba imepasuka kwa miaka ya kufua nazi, na niliirudia hadi ikakaa sawa. Nyuma ya turubai nikaandika jina lake kamili. (Hapa silitaji, aliniruhusu kuliweka kwenye picha tu, si mtandaoni.) Siku ya ufunguzi nafika nimejipamba, nakuta kibandiko: jina langu kwa herufi kubwa, chini yake "Mwanamke wa Pwani". Nauliza, naambiwa hajulikani. Hajulikani na nani? Kongowea nzima inamjua! Linanikereketa hadi leo.

Tabia hii ni ya zamani. Nenda Makumbusho ya Taifa Nairobi ukaone kazi za Joy Adamson. Alianza na maua, kisha serikali ya kikoloni ikampa kazi ya kuchora makabila ya Kenya, akatoa mamia ya picha. Shanga, ndewe, ngozi, vyote amevitendea haki, simnyimi sifa. Lakini nyingi zimeitwa kwa kabila na rika, kama maua yaliyoandikiwa aina yake.

Sasa mtazame Ayuba Suleiman Diallo, Mwislamu kutoka Senegambia, Afrika Magharibi, aliyeuzwa utumwani Marekani, akakombolewa, akachorwa Uingereza na William Hoare mwaka 1733. Alitaka achorwe na mavazi ya kwao. Hoare akasema hawezi kuchora asichokiona. Diallo akamuuliza, mbona wachoraji wenu humchora Mungu, ambaye hakuna aliyemwona? Akachorwa na kilemba chake na joho jeupe. Picha hiyo ni mali ya Qatar, na imewahi kuonyeshwa kwa mkopo National Portrait Gallery ya London, jumba lililoanzishwa 1856 ambalo hupima kwanza aliyechorwa ni nani, ndipo ubora wa brashi. Jina la Diallo bado lipo.

Basi ndugu yangu, muulize mtu jina na ruhusa kabla hujachonga penseli. Jina liandike mbele, kwa rangi, ndani ya picha; nyuma hawageuzi. Kwenye mkataba wa mauzo weka sharti kwamba kibandiko hakibadilishwi bila wewe na aliyechorwa kukubali. Na jina, narudia, liwe mbele! Wachoraji tunalilia majina yetu yaonekane, halafu ya wenzetu tunayaachia mwenye kibandiko.

Mimi sasa naliandika karibu na kiwiko. Mnunuzi mmoja alinung'unika kwamba linaharibu picha. Alilipa bei ileile.