Riwaya na Kuuelewa Unyanyasaji Ndani ya Mapenzi

Mtu anaponyanyaswa na mwenzi wake, swali la kwanza kuulizwa na walio nje ni kwa nini haondoki. Wengi huuliza bila nia mbaya, lakini swali hilo humpandisha kizimbani anayeteswa na kumwacha mtesaji bila kuhojiwa. Nimesoma taarifa nyingi kuhusu ukatili wa kijinsia, zikiwemo takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2021, zinazokadiria kwamba takribani mwanamke 1 kati ya 3 duniani amewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono. Naziheshimu takwimu hizo kwa sababu zinaonesha ukubwa wa tatizo. Hata hivyo, kilichonisaidia kuelewa kwa nini mtu hubaki ni riwaya, na ndiyo maana namshauri kila anayetaka kumwelewa ndugu au rafiki aliye katika hali hiyo asome hadithi za kubuni kwa makini.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na riwaya nzuri humlaza msomaji kwenye kitanda hicho kwa siku kadhaa. Ripoti aghalabu huanzia kwenye kipigo, kwa kuwa kipigo ndicho kinachoacha alama ya kuandikwa polisi au hospitalini, ilhali mwandishi wa riwaya ana nafasi ya kuanza mapema zaidi, wakati mume anapompigia mkewe simu mchana kumuuliza kama amekula. Baada ya muda simu hiyo huja kuuliza yuko na nani, kisha kwa nini amechelewa kupokea, na kila mara maelezo yapo: anakupenda, ana wasiwasi, amechoka na kazi. Kufikia kofi la kwanza, mshahara wa mwanamke unashikwa na mumewe, mashoga zake wameacha kumtembelea, naye amekwisha kuzoea kutafuta kosa lake kabla hata hajalaumiwa. Msomaji aliyempenda mwanamume huyo katika sura za mwanzo hushangaa kugundua kwamba naye alizikubali sababu zote zilizotolewa. Kwa maoni yangu, mshangao huo una faida kuliko mhadhara mrefu, na ndiyo maana nashauri ukimaliza kitabu cha aina hii urudi kuzisoma kurasa thelathini za mwanzo.

Waandishi waliyaona haya muda mrefu kabla ya sheria. Katika tamthilia ya Gas Light ya Patrick Hamilton, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1938, mume huficha vitu vya nyumbani kisha akamshutumu mkewe kwamba ndiye aliyeviondoa, hadi mke anaanza kuamini kwamba akili yake inaharibika. Uingereza na Wales ziliitambua tabia ya kumdhibiti na kumtisha mwenzi mfululizo kuwa kosa la jinai mwaka 2015 tu, hata pale ambapo mwathiriwa hajapigwa.

Fasihi husaidia pia kuanzisha mazungumzo. Rafiki yangu mmoja alikuwa na jibu moja kila nilipomuuliza habari za nyumbani kwake, kwamba wote hawajambo. Nilimwazima riwaya bila kumweleza sababu. Aliporudi alizungumzia ukurasa mmoja tu, ule ambao mke, akiwa jikoni, anajua hali ya mumewe kwa jinsi ufunguo unavyozungushwa mlangoni, na akiusikia umezungushwa kwa nguvu anazima redio na kuwapeleka watoto chumbani. "Hata mimi najua kwa ufunguo," alisema, kisha akarudi kumzungumzia mhusika. Nami nilimzungumzia mhusika. Tuliendelea hivyo kwa muda mrefu, akinieleza mwanamke yule anaogopa nini, angeishi wapi na watoto angewalisha nini, mpaka siku alipoacha kumtaja mwanamke yule na kuanza kusema "mimi". Mtu akikuzungumzia mhusika, usimkimbize kwenye maisha yake, wala usimwambie kwamba mvumilivu hula mbivu, kwa maana amekwisha kuambiwa hivyo na watu wengi.

Si kila hadithi inafaa. Zipo riwaya za mapenzi zinazousifu wivu kana kwamba ndicho kipimo cha upendo, na zipo zinazomwonesha mkatili akibadilika kwa sababu tu mkewe alisubiri. Hizi namshauri msomaji azisome akijiuliza ni nani anayelipa gharama ya mabadiliko hayo. Tusisahau pia kwamba wanaume nao hunyanyaswa, ingawa hadithi zao bado ni chache.

Jambo la mwisho linahusu usalama, nami nalichukulia kwa uzito mkubwa. Katika The Tenant of Wildfell Hall, riwaya ya Anne Brontë ya mwaka 1848, Helen anapanga kutoroka na mwanawe na kujikimu kwa uchoraji, lakini mumewe anaisoma shajara yake, anaugundua mpango na kuviteketeza vifaa vyake vya kuchorea. Leo shajara hiyo ni simu inayokaguliwa kila usiku. Kwa hiyo, unapomwazima mtu kitabu cha aina hii, hakikisha kwanza kwamba hakitamletea matatizo nyumbani, na usimtumie ujumbe wa kumuuliza amefika ukurasa gani. Kipindi cha kuondoka na miezi inayofuata huweza kuwa cha hatari kuliko kipindi chochote kilichotangulia, na riwaya haiwezi kumpangia mtu namna ya kutoka salama. Kazi hiyo ni ya washauri waliofunzwa kuwahudumia waathiriwa wa ukatili, na namba yao ni bora aikariri kichwani kuliko kuihifadhi kwenye simu ambayo mwenzi wake anaweza kuifungua.