Pasipoti kufika nyeusi kwenye faksi

Pole dada. Nakala ya pasipoti ya mgeni wako kufika nyeusi tii kwa watu wa bima huko Ujerumani si lazima iwe shida ya laini ya simu hapo Arusha. Faksi ya kawaida haijui kijivu: kila nukta ni nyeusi au nyeupe, basi. Yale maua ya rangi nyuma ya maandishi yanageuka weusi na kumeza namba.

Nenda steshenari wakutolee kopi nyeusi na nyeupe, wapunguze wino na kuukuza ukurasa ujaze A4. Namba ya pasipoti na tarehe ziandike tena pembeni kwa kalamu nyeusi, herufi kubwa. Mistari ya kalamu za rangi za kung'arisha usiweke kabisa, mara nyingi hufika kama umepaka mkaa.

Halafu ubora. Hali ya kawaida ina nukta 204 kwa inchi kwa upana lakini 98 tu kwa urefu, ndiyo maana 8 na 3 zinafanana. Bonyeza Fine (kitufe cha ubora wa juu kwenye mashine ya faksi), urefu unapanda hadi 196. Itachelewa kupita, ila kwa pasipoti usibane hizo dakika.

Na ule mstari mweusi wa wima waliolalamikia watu wa bima, mara nyingi ni uchafu kwenye kile kioo chembamba cha mashine karatasi inapopitia. Vumbi la huko nalijua! Futa kwa kitambaa laini, toa kopi moja kwenye mashine hiyohiyo uikague, ndipo utume.