Jibu: Mstari kati ya matabaka ya mawe ya chokaa ya Jurasiki (kipindi cha kale cha dinosaria)

Umeuliza kama ule mstari mweusi kati ya matabaka mawili ya chokaa gengeni ni ufa au mpaka wa kawaida. Sogea uutazame uso wenyewe kwa karibu. Ukikuta vitundu vya duara vyenye kingo kali, vimekata hata makombe yaliyomo, na magamba ya chaza yamegandia juu, hiyo ilikuwa sakafu ya bahari iliyokwisha kuwa mwamba kabla tabaka la juu halijatuama. Pana muda mrefu usio na mashapo (mchanga na matope yanayotuama) hapo, jambo la kusisimua sana! Huko Bradford-on-Avon, Uingereza, mizizi ya krinoidi (wanyama wa baharini wenye umbo kama ua) bado imeshikilia uso wa namna hiyo. Ufa kwa kawaida huyakata matabaka, haufuati mpaka wake.