Kabla hujaligawa gunia la jeshi

Wiki iliyopita binti mmoja anayesoma ukurasa huu, kamaliza chuo juzijuzi, aliniandikia: "Shikamoo kaka. Nimepata kazi ya ukalimani na uratibu kwenye kikosi cha jeshi kinachogawa chakula kwa raia vitani. Mshahara mnono. Wenzangu wanasema nitakuwa msaliti. Wewe umeyapitia, hebu niambie, hicho chakula kinasaidia kweli au ni danganya toto?"

Marahaba, mdogo wangu. Nimeanza kukujibu mara tatu nikafuta. Naandika hapa hadharani kwa sababu najua wengi mnaonisoma mnaiota kazi hii hii: kizibao chenye nembo, gari lenye antena ndefu, picha umebeba mtoto wa watu. Hata mimi ndiko nilikoanzia.

Kinasaidia, ndiyo. Tumbo la leo kinalishibisha. La kesho linategemea nani kashika orodha.

Nchi sitaitaja, wala shirika lililoniajiri. Nilikuwa msimamizi wa ghala na mgao. Barabara ilitegwa mabomu, madereva wetu wakagoma (nami ningegoma), na kwa wiki tatu hakuna gunia lililofika kambini. Watoto wakaanza kuvimba miguu. Ukiminya kwa kidole, shimo linabaki pale pale kama kwenye unga uliokandwa. Jeshi likasema: malori tunayo, wategua mabomu tunao, tupeni mzigo tuufikishe.

Mkuu wangu alisita. Mimi sikusita. Kwenye kikao niliongea mpaka jasho likanitoka, na nikashinda. Malori sita yakaondoka alfajiri na jioni watu wakapika. Siwezi kuwadanganya, siku ile nilijiona mwanaume. Nilipeana mkono na kamanda, picha ikapigwa, ikasambazwa makao makuu. Nilipongezwa kwa barua.

Ya kati nayaruka, ni mambo ya stakabadhi na dizeli.

Mgao wa pili, kamanda akaomba orodha ya kaya. Alisema ni kwa ajili ya usalama. Nikampa. Naomba msome tena: nikampa. Asubuhi yake nikakuta kiti kimeongezwa kwenye meza yangu, ofisa kijana kakaa na daftari lake. Kila mama akifika, kabla hajachovya kidole gumba kwenye wino, anaulizwa: "Mumeo yuko wapi? Mwanao mkubwa je?" Kwa sauti ya upole kabisa. Bibi mmoja aliyekuwa wa tano kwenye foleni aliyasikia yale maswali. Akakunja gunia lake tupu, akaliweka kwapani, akageuka akaenda zake. Hakusema neno. Nyuma yake wakatoka wengine, mmoja mmoja, kana kwamba wamekumbuka kitu nyumbani.

Waliobaki wakachukua. Usiku uliofuata wanamgambo wa upande wa pili wakapita wakikagua nyumba kwa tochi, wakitafuta magunia yenye muhuri. Kuanzia hapo ukienda kambini saa za jioni unasikia harufu ya plastiki inayoungua. Watu walikuwa wanamimina nafaka kwenye masufuria na kuchoma magunia. Na malori yetu ya kiraia, yaliyokuwa yakipishwa na kila upande, hayakupishwa tena.

Niliandika ripoti. Ilikaa. Mkataba wangu ulipoisha, haukuongezwa. Nasikia aliyesaini ile barua ya kunipongeza ndiye aliyesaini na ile nyingine. Yamepita, lakini bado yananiwasha.

Basi tangu wakati huo nimekuwa msomaji wa historia ya chakula cha majeshi, kama mtu aliyeumwa na nyoka anavyosoma habari za nyoka. Kuna mahali kilifanya kazi kwelikweli. Uholanzi, 1945, watu walikuwa wametoka kwenye majira ya baridi ya njaa iliyoua maelfu. Kuanzia Aprili 29 ndege za kivita za Uingereza, kisha na za Marekani, ziliruka chini sana na kudondosha chakula, baada ya Wajerumani waliokuwa wakilikalia eneo hilo kukubali kutozifyatulia risasi. Angalieni vizuri: adui alikubali, hakuna aliyeulizwa mumewe yuko wapi, na vita ilipokwisha siku chache baadaye kazi ile nayo ikaisha. Jeshi lilikuwa punda wa mzigo tu. Punda hana daftari.

Sasa linganisheni na Afghanistan, Oktoba 2001. Marekani ilidondosha pakiti za njano, kila moja chakula cha mtu mmoja kwa siku, kama kalori 2,200. Ndege za nchi hiyo hiyo zilikuwa zikidondosha mabomu ya mtawanyo ambayo vijibomu vyake navyo vilikuwa vya njano. Ikabidi redio iwatangazie watu namna ya kutofautisha mlo na mauti, na baadaye rangi ya pakiti ikabadilishwa. Madaktari Wasio na Mipaka waliiita shughuli ile propaganda. Zamani ningesema wanaringa. Siku hizi nawaelewa.

Wala nia njema haitoshi. Askari wa Uingereza walioingia kambi ya mateso ya Wanazi wa Ujerumani huko Bergen-Belsen Aprili 15, 1945 waliwapa wafungwa mgao wao wenyewe, nyama za kopo na vitu vizito, kwa huruma tupu. Mwili uliokaushwa na njaa ukiletewa mlo mzito kwa ghafla, madini ya kwenye damu huporomoka na moyo unaweza kusimama. Wapo waliokufa kwa kushibishwa. Ndiyo maana mtoto aliyedhoofu sana huanzishiwa maziwa maalumu kidogo kidogo, chini ya jicho la mhudumu wa afya. Pakiti inayotoka angani haijui nani kadhoofu.

Na ndege ni ghali mno kuliko lori, halafu hubeba kiduchu. Huko Gaza mwaka 2024 tuliona mizigo ya parachuti ikiua watu walioikimbilia, tukaona na gati la kuelea la jeshi la Marekani: likaunganishwa na pwani mwezi Mei, mawimbi yakalivunja kabla mwezi haujaisha, na Julai likafungashwa. Shida haikuwa bahari. Barabara zilikuwepo, malori yalikuwepo, kilichokosekana ni ruhusa.

Kwa hao wanaokuita msaliti, waambie wasome kifungu cha 55 cha Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949: jeshi linalokalia ardhi ya watu lina wajibu wa kuhakikisha raia wanapata chakula na dawa. Si hisani, ni deni. Mtu anayelipa deni hana haki ya kuuliza maswali mezani, wala kupiga picha. Na miongozo ya Oslo ya 1994, iliyoandikwa kwa ajili ya majanga, inataka vifaa vya jeshi vitumike pale tu ambapo vya kiraia havipo. Mimi sikuuliza kama vya kiraia vimekwisha kweli. Nilikuwa na haraka ya kuwa shujaa.

Kwa hiyo, mdogo wangu, uliza orodha ni ya nani. Uliza mara ya pili, kwa maandishi. Uliza upande wa pili umearifiwa. Uliza siku ya kuondoka imepangwa. Halafu rudi uulize orodha ni ya nani. Wakikwambia ukae mezani utafsiri "mumeo yuko wapi", inuka, hata kama mshahara ndio kwanza umeingia. Wakikwambia kazi ni kusafisha barabara na kusukuma malori mpaka getini, kisha raia wagawiwe na raia, nenda bila kuangalia nyuma, na usimsikilize mtu.

Na kama mkuu wangu wa zamani anapita hapa: ile ripoti bado ninayo. Kurasa 11.